Kwenu vijana wa Newala mnaosubiri fedha za korosho

Wajukuu zangu,

Salaam. Minada imeanza, na muda si mrefu fedha zitaingia benki. Kila msimu ukifika hapa nawaona mnapata marafiki wapya. Mwezi wa saba, ubwiri unga ulipokuwa unakausha maua ya mikorosho na tunahangaika kumpata wa kubeba mashine ya kupulizia dawa ya salfa, hawakuwepo. Sasa wanawajia kama siafu: dada mrembo wa Arusha ambaye kamera ya simu yake haiponi, "mdau" wa Dar anayewaita bosi, na yule wa kuwazungushia hela zirudi mara mbili.

Siwaambii mtupe simu. Bei ya mnada wa Tandahimba mimi naipata WhatsApp jioni ileile. Na ninyi hamkuyaona ya kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003: masika ikikaza, mto Rufiji ulikata njia ya Dar, na barua ya mwanao aliye Dar ilikufikia wakati shida aliyokuandikia imeshakwisha, au imeshammaliza yeye.

Lakini tusidanganyane kuhusu hao marafiki. Mwingereza mmoja, Robin Dunbar, alikadiria miaka ya 1990 kwamba mtu anamudu kuwa na watu wapatao 150 anaojuana nao kwelikweli. Facebook inakuruhusu 5,000. Wenye mtandao wanauza matangazo. Ukikodoa macho zaidi, wao wanapata zaidi. Kama unaowakodolea ni marafiki au wapita njia, hesabu zao hazibadiliki.

Wizi unanisikitisha, ila kuna kinachonisikitisha zaidi. Uliyeingia naye jandoni anajua deni la baba yako na anaijua tamaa yako. Akisikia umeuza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, zikiwa bado mtini, atakufokea barazani mbele za watu. Mtanuniana wiki nzima, na mama yako akiugua atakuja na pikipiki usiku. Mtandaoni anayekufokea unamfungia kwa kidole kimoja, basi. Mwisho unabaki na wanaokupigia makofi tu, hata siku unapouza shamba la urithi ununue simu. (Aliyefanya hivyo anajijua, simtaji.)

Sasa nawaomba. Usimtumie hela mtu ambaye hamjawahi kuonana, hata akilia kwa sauti ya kurekodi. Namba ya siri usimpe yeyote, hata mimi. Na kabla hujamjibu huyo wa Arusha, njoo barazani kwangu na simu yako tuyasome maneno yake pamoja, wenzako wakisikiliza. Mtacheka, najua, na watani hawatakuacha salama. Kahawa ipo kila siku baada ya alasiri.

Na aliyeazima mashine yangu ya salfa tangu Julai, airudishe.

Babu yenu,
Newala