Barua kwa mwanangu: Usiyalaumu masikio

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu; ya tatu ni kwa sababu tu nimekukumbuka. Unasema Kifaransa cha kitabuni unakisoma na kukielewa, lakini wenyewe wakifungua mdomo huambulii kitu. "Mama, wanaongea kasi mno." Halafu ukamalizia kwamba labda masikio yako si ya lugha.

Hapo kwenye masikio nakukatalia. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Kanada, Janet Werker na Richard Tees, walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 waliolelewa katika Kiingereza waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa lugha yao hupata shida kuzitenganisha. Kufikia miezi 10 hadi 12 uwezo huo ulikuwa umefifia sana. Sikio la mtoto haliharibiki. Linachagua sauti za nyumbani, nyingine linazipa kisogo. Ndivyo lilivyofanya lako, na langu.

Tena Kiswahili kimetudekeza. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiusikia mkazo, unajua neno linakaribia kufunga. Sikio lako hukata maneno kwa alama hiyo bila hata kukuuliza. Kifaransa hakikupi alama hiyo: mkazo wake husubiri mwisho wa fungu zima la maneno, na mara nyingi konsonanti ya mwisho wa neno huhamia kwenye neno linalofuata. "Les amis" kwenye karatasi ni maneno mawili, mdomoni ni "lezami". "Je ne sais pas", uliyoikariri kwa maneno manne, mtu asiye na haraka yoyote atakutamkia "shepa". Utaitafuta "shepa" kwenye kamusi mpaka macho yaume. Maneno unayajua, mwanangu. Usichokijua ni sura yake yakishatoka mdomoni.

Mimi kilinipata. Nilipigiwa simu nikaitwa kwenye usaili, "deux heures", yaani saa nane mchana. Nikasikia "douze heures", saa sita. Tofauti yote iko kwenye irabu moja: ile ya "deux" midomo huviringwa kama unataka kusema u, huku ulimi umekaa pale pa e. Kiswahili hakina irabu hiyo, basi sikio likanipa jirani yake. Nilikaa kwenye benchi saa mbili nzima, nimevaa nikapendeza, nikimlaani kimoyomoyo aliyenipigia. Bahati yangu kosa lilinifikisha mapema. Lingekwenda upande wa pili, kazi ningeisikia kwenye bomba.

Sasa achana na ule mtindo wa kuacha redio ikiongea kutwa huku unafanya mengine. Nimeufanya mwaka mzima. Ulinizoesha mlio wa lugha, basi. Chukua kipande kifupi, sekunde 30 zinatosha, chenye maandishi yake. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana taarifa ya habari kwa Kifaransa chepesi, Journal en français facile, dakika 10, na maandishi huyatoa. Usiyafungue kwanza. Sikiliza mara moja ujue habari inahusu nini, kisha urudie huku ukiandika kila unachosikia, hata kama ni "shepa". Rudia mara nne, tano. Ndipo ulinganishe.

Hapo kwenye kulinganisha ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi huikimbia: wanaona kosa, wanasema "aah, kumbe," wanapita. Wewe usipite. Jiulize kila kosa limetoka wapi. Pengine neno hukuwa unalijua kabisa. Hilo ni la msamiati, sikio halina hatia, liandike uendelee. Pengine unalijua ila limemezwa, au limegandamana na mwenzake. Hilo lisikilize macho yakiwa kwenye maandishi mpaka ulione pale lilipojificha, kisha funga maandishi ulisikie tena. Na pengine sikio limekubadilishia sauti, kama saa nane yangu. Hiyo itafutie pacha wake: "feu" ni moto, "fou" ni kichaa. Mwombe mtu akusomee bila mpangilio, wewe utaje kipi ni kipi. Siku za kwanza utamwita kila mtu moto.

Ukishakielewa kipande, kisemee juu, sauti ikitangulia wewe ukiifuata nyuma kidogo, na uige hata walivyoyameza maneno. Mdomo uliowahi kusema "shepa" hulisaidia sikio kuitambua. Kuhusu kupunguza mwendo wa sauti, sikukatazi, ila mimi siupendi sana: sauti huvutika, na maneno hubaki yameshikana vilevile.

Ukiwa na watu, usiitikie kwa kichwa kitu ambacho hukukielewa. Wala "rudia tafadhali" peke yake haitoshi, maana watakurudishia sentensi ileile, kwa sauti kubwa zaidi. Taja ulipopotea: "Umesema deux, mbili, au douze, kumi na mbili?" Swali hilo lingenipunguzia benchi.

Nitumie ulichoandika cha sekunde 30 za kwanza, makosa usiyafute. Mimi nitakutumia langu la namba za simu. Wenyewe huzisoma mbilimbili, na 92 kwao ni "quatre-vingt-douze", yaani nne-ishirini-kumi-na-mbili. Mpaka leo kalamu yangu huandika 4 kabla hawajamaliza kusema.

Mama yako