Barua kwa mwanangu: kiwambaza sitakutengenezea

Mkomani, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo. Mamako anakusalimu, anauliza kama mjukuu wake kikohozi kimemwacha. Picha za nyumba yenu mpya hapo Malindi nimeziona, na ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unataka nikutengenezee kiwambaza cha mbao, toka sakafuni hadi darini, kitenge mahali pa kukaa na mahali pa kulia. Mbao ninazo na nafasi ninayo, lakini kiwambaza sitengenezi.

Sababu kubwa ni hewa. Madirisha yako makubwa yote yako upande wa makochi, na kule kwa meza na jiko kuna kidirisha kimoja cha nyuma. Iwe kaskazi, iwe kusi, upepo unaingia huku na kutokea kule. Ukiziba katikati, pande zote mbili zitakuwa tanuri, na mwisho wa mwezi mtalipia umeme wa feni mchana kutwa.

Tena wewe si mgeni wa mambo haya. Nyumba uliyokulia ina kiwanda, yaani ule ua wa ndani, kisha vile vyumba virefu viwili: msana wa tini, kisha msana wa yuu. Umewahi kuona mlango hapo kati? Ulikuwa ukipanda kidato kimoja tu, ukajua umeingia pengine, pasipofika kila mtu. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki sana zaidi ya mita 3, lakini waliojenga hawakuona haja ya kuviziba. Walitenga kwa kimo cha sakafu, na palipotakiwa stara wakatundika pazia.

Wewe kidato huna, taili zako zimelala sawa toka mlangoni hadi jikoni. Basi kazi ya kidato mpe zulia. Liwe kubwa kiasi cha makochi yote kukanyaga kwa miguu ya mbele. Kizulia kidogo kilichotupwa katikati, kisichoguswa na kiti chochote, afadhali usiweke. Chini ya meza ya kulia usitandike kitu. Una mtoto wa miaka miwili, na wali wa nazi haufagiliki kwenye manyoya.

Halafu hayo makochi. Umeyabana yote ukutani na kuacha uwanja mtupu, kama chumba cha kungojea daktari. Chukua lile refu, livute mbele, ligeuze mgongo wake uelekee meza. Hapo umeshatenga, na hukupigilia msumari hata mmoja.

Nyuma ya mgongo huo ndipo nitakapokutengenezea kitu: rafu ya mbao ya mbambakofi, wazi pande zote mbili, kimo chake kisizidi mgongo wa kochi. Upande wa meza uweke sahani, vikombe na birika la kahawa. Upande wa juu weka vitabu na taa ndogo. Ukiwa jikoni utamwona mtoto anachofanya, na upepo utapita juu ya rafu.

Umesema nafasi yote ni mita 7 kwa 4. Nimekaa na tepu nikapiga hesabu. Mlaji mmoja anataka sentimita 60 za ukingo wa meza, kwa hiyo meza ya watu 6, watatu huku na watatu kule, ni 180 kwa 90. Iweke ikate upana wa chumba. Kila kichwa cha meza kitabakiwa na zaidi ya mita moja ya kupita. Toka ukingo wa meza acha sentimita 90 pande zote mbili, mtu avute kiti akae na kuinuka bila kubanwa. Jumla mita 2 na sentimita 70. Rafu itakula 30, kochi 90 hivi, na mbele yake zitabaki mita 3 na ushei za zulia na meza ndogo. Panatosha, usinunue meza ya watu 8 kwa ajili ya Idi. Siku hiyo tutatandika mkeka.

Najua kilichokusukuma hasa ni wageni wa mumeo. Mlango ukifunguliwa wanakutana na meza na jiko, na wewe hujajitanda. Hilo ni kweli, na rafu fupi hailitatui. Tundika pazia zito upana wote wa chumba, livutwe wageni wakiwepo, likusanywe ukutani wakiondoka. Usinunue bomba la chuma, hewa ya bahari italila kutu. Ufito nitakuchongea mimi.

Taa yako ni tyubu moja katikati ya dari, inamulika kila kitu sawasawa. Mwambie fundi wa umeme ashushe taa moja juu ya meza, sentimita 75 hivi kutoka usoni mwa meza, na kwenye makochi uweke ya kusimama. Kila moja na swichi yake. Balbu chagua za mwanga wa manjano, paketi huandikwa kelvini 2700. Ukimaliza kula unazima ya meza, na vyombo vichafu havionekani tena.

Kuhusu mapambo, kioo cha nakshi, saa ya nakshi, fremu za nakshi na kile kiti cha enzi, vyote kwa pamoja vimezidi, ingawa nakshi ndiyo inayonilisha. Unazikumbuka zile zidaka za ndani, vile vishubaka vya ukutani? Urembo wote ulikuwa ukuta ule mmoja, kwengine chokaa nyeupe tu. Chagua ukuta mmoja, ule unaokabili mlango. Na televisheni isiwe hapo, najua kipya kinyemi.

Sasa nipimie kimo cha mgongo wa kochi, na upana wa ngazi zenu pale zinapokata kona. Mbambakofi ni mzito na rafu ni ndefu, nikiona haipiti nitaikata vipande viwili tuiunganishe huko huko. Nijibu kabla ya Ijumaa, maana boti ya mizigo ya kuvukia bara, Mokowe, nimeshazungumza nayo.

Babako