Barua kwa vijana wa treni ya mu parsele

Batoto yangu,

Mbele ya salamu, mi niko na kasirani. Nilipita kwa mwenye kununuaka vyuma, pale karibu na soko, nikaona reli za ile treni yenu ndogo ya kuchezea, ya mu parsele, ya inje ya nyumba, zinauzwa ku kilo. Zile za shaba ya manjano, za nafasi ya milimeta 45 katikati ya reli mbili, zenye mujomba wenu alibeba mu valizi toka Ulaya, sasa zimekunjwa-kunjwa, banazipima pamoja na robine za zamani! Nikazinunua zote, bei siwaambie. Bakasema eti mvua njo iliharibu treni, kuran ya umeme nayo inakatika kila siku, basi mukaachana na huo muchezo.

Mvua iliwakosea nini? Siku ya kufungua nilikuwa pale. Bia ya Simba mingi, muziki, kila mutu na telefone yake, na mi nikaangalia chini: reli imelalishwa vile vile juu ya udongo mwekundu, bila jiwe hata moja. Nikasema, mukanijibu "Papa, tutatengeneza pole pole". Mwezi wa kumi na moja ukaingia, udongo ukakunywa mayi ukakuwa potopoto, reli moja ikashuka, ingine ikabaki juu, treni ikalala na ubavu.

Sikilizeni basi, juu hii njo kazi yenye ilinizeesha. Treni, ikuwe ya kweli ao ya mu parsele, nguvu yake iko chini. Chimbeni mufereji wa santimeta 15 hivi, chini mawe makubwa kidogo, mayi ipate pa kupita, juu kokoto ndogo ya kuvunjwa pamoja na vumbi yake. Ya kuvunjwa, nasema, ile ya ku mto hapana, iko mviringo, inateleza, haishikane. Shindilia, mwangia mayi, shindilia tena, pima na nivo ikuwe sawasawa. Kisha acheni mvua zote za mwaka zipite juu yake mbele ya kuleta lokomotive, ndiyo, zote, na kama hamuwezi kungojea mvua mutaweza kazi gani? Na pale reli zinaunganika muache nafasi, juu shaba inarefuka: meta 10, toka baridi ya asubuhi ya mwezi wa sita mpaka jua kali ya mwezi wa kumi, inaongezeka milimeta 5 na zaidi, ikikosa nafasi inajipinda.

Ingine haraka haraka. Batri ndani ya lokomotive na telekomande, na mutasahau mambo ya kuran. Kona musizikaze. Kupanda, santimeta 2 ao 3 kwa meta moja, basi. Mbali na mizizi ya muembe. Mbao chini ya reli hapana, muchwa banangojea paka hiyo.

Na hii maneno ya "hatuna makuta ya wagoni za Ulaya", nani aliwatuma kuzinunua? LGB, marke ya Ujerumani, ilileta hizi treni mu 1968 kwa kipimo cha 1 kwa 22,5, ni kusema treni ya kweli gawa na 22,5, juu reli za kwao zenye nafasi ya meta moja njo zinaingia vizuri mu milimeta 45. Reli yetu, yenye ilifika hapa Lubumbashi toka kusini mu 1910, iko na nafasi ya milimeta 1067. Gawa na 24, unapata 44 na nusu hivi. Basi tafuta wagoni ya kubeba mawe, gawa vipimo vyote na 24, kata kopo ya maziwa ya unga. Mujukuu wangu, binti, alijenga ya kwake, na mulango wa pembeni unafunguka.

Lakini kosa haiko yenu peke yenu. Mu huu muji kila kintu tunakiangaliaka na macho ya kilo: waya, kifuniko cha mutaro, pompe ya bibi ya mutu. Na baba akitoka ku kazi anakaa na chupa mpaka siku ya kumuzika, juu hakuna mwenye alimufundisha, akiwa kijana, kupenda kazi yenye haina mushahara. Huu muchezo wa treni haumalizikake. Mwaka huu daraja, mwaka kesho gare, kisha miti mifupi, na siku magoti inakatala unakaa ku kiti, batoto banaendesha, unawapigia kelele.

Samedi, siku ya posho, mukuje kwangu asubuhi. Mulete pele, ndoo na nivo. Bia muache ku nyumba.

Papa yenu wa Kampemba, shemino, mutumishi wa reli, wa zamani