Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Utoto wa Msichana na Uzito wa Mama

Ndugu wanachama, akina mama na akina baba, hamjambo.

Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina, nami sitamtangulia. Niseme tu kwamba michango imeingia vizuri, licha ya bei ya unga na mafuta, na mizani mpya tuliyoagiza imefika. Vikundi vyetu vya kupima afya vya Kayole, Kariobangi na Mathare vimekutana kila mwezi. Cha Pipeline kimelegea baada ya kukosa ukumbi, na kamati inakitafutia mahali. Wauguzi wanaojitolea kutupima presha na sukari Jumamosi zao za mapumziko, asanteni sana.

Muda uliobaki naomba tuuweke kwenye jambo moja. Kila siku ya kupima, wanaoambiwa uzito umezidi huwa wengi wao ni akina mama. Si huku Eastlands, Nairobi, peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba asilimia 38.5 ya wanawake nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na wanaume asilimia 17.5. Ukitazama unene wa kupindukia peke yake, wanawake walikuwa asilimia 13.7 na wanaume 4.3, yaani zaidi ya mara tatu.

Majibu ya haraka sote tunayajua: chapati, soda, chai yenye sukari nyingi, uvivu. Lakini mume na mke wanapakua kutoka sufuria moja. Mbona mwili wa mmoja unanenepa na wa mwenzake haunenepi? Swali hilo ndilo lililonifanya nisome mwaka huu, na nililolipata limenibadilisha namna ninavyomtazama mama aliyesimama kwenye mizani.

Watafiti Anne Case na Alicia Menendez walifanya kazi Khayelitsha, mtaa wa watu wa kipato cha chini nje ya Cape Town, na mwaka 2009 wakachapisha walichokiona. Wanawake waliokosa chakula cha kutosha utotoni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wanene ukubwani. Wanaume waliolala njaa utotoni hawakuonyesha hatari hiyo. Halafu hali ya maisha ukubwani nayo ikaongeza jambo: mwanamke aliyepata nafuu ya kipato alielekea kunenepa, mwanamume hapana. Mambo hayo mawili, utoto na kipato cha ukubwani, yalitosha kueleza tofauti yote ya unene kati ya wanawake na wanaume waliowachunguza. Khayelitsha si Kayole, hilo nalijua. Ila anayejua maisha ya nyumba za mabati hawezi kusema hayo ni ya watu wa mbali.

Uholanzi nako kulikuwa na njaa kali katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walipoizuia njia ya chakula wakati wa vita. Watoto waliokuwa tumboni wakati huo walifuatiliwa hadi utu uzima. Walipofika miaka 50 hivi, wanawake ambao mama zao walikumbwa na njaa hiyo mwanzoni mwa mimba walikuwa wazito kuliko wenzao. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Inadhaniwa kwamba mwili unaofunzwa uhaba mapema hujifunza kuweka akiba ya mafuta, na akiba hiyo haiachiliwi kirahisi siku chakula kinapopatikana.

Sasa rudini hapa kwetu. Utafiti uliofanywa katika mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani ulikuta karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na karibu thuluthi moja ya mama zao wana uzito uliozidi. Mtoto aliyedumaa na mama mnene katika chumba kimoja! Wengi huona hayo ni matatizo mawili yanayopingana. Mimi naona huenda yule msichana aliyedumaa leo ndiye mama tutakayempima miaka 30 ijayo.

Mwaka huu tuliongeza kwenye daftari la kupima swali moja: ulipokuwa mdogo, nani alipakuliwa kwanza nyumbani? Mama mmoja wa Kariobangi alinyamaza kidogo, kisha akaeleza kwamba baba na kaka zake walipakuliwa kwanza, na yeye na mama yake wakakwangua ukoko wa ugali wakanywa na strungi, chai isiyo na maziwa. Leo ana kibanda cha mboga, anashinda ameketi kwenye kiti cha plastiki tangu alfajiri, na jioni anakula kilichobaki baada ya watoto, kwa sababu kutupa chakula hawezi. Mumewe anasukuma mkokoteni siku nzima soko la Gikomba. Ukimwambia mama huyo kwamba shida yake ni ulafi, umemtukana.

Tena kuna maneno yetu wenyewe. Bibi harusi akinenepa tunamwambia amenawiri, ndoa imemkubali. Akipungua, majirani wananong'ona kwamba anaumwa. Msichana naye tangu mdogo amefungiwa nyumbani na vyombo na ndugu zake wachanga, huku kaka yake akicheza mpira uwanjani hadi giza liingie.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo haya. Kilo za mtu zisisomwe kwa sauti tena, na kila mwanachama apimwe nyuma ya pazia. Sehemu ya mfuko wa afya iende kwenye uji na mayai kwa watoto wa wanachama walio chini ya miaka mitano, na kwa mwanachama mjamzito tangu anapoanza kliniki, asisubiriwe mpaka tumbo lionekane. Wasichana wapewe uwanja kila Jumapili jioni, na wazazi wa kikundi wakae pale kuwalinda, maana usalama ndio unaowafungia ndani. Na akina baba, ambao wengi wenu hamji siku za kupima, mje na mikanda yenu. Kiuno cha mwanamume kinachozidi sentimita 94 ni dalili ya hatari, na hilo linawahusu nyinyi.

Akina mama ambao tayari wana uzito mkubwa hawaachwi. Matembezi ya asubuhi yanaendelea, dawa za presha zinaendelea kufuatiliwa, na atakayetaka kuzungumzia utoto wake na muuguzi faraghani atatengewa muda.

Mapendekezo yatapigiwa kura moja moja baada ya mweka hazina kumaliza. Lile la uji na mayai litahitaji kuongeza ada kidogo kila mwezi, kwa hiyo mwenye pingamizi aseme leo, tukiwa wote hapa.