Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Balozi: buti zile mlizifuatilia mpaka wapi?

Kirumba, Mwanza
Januari 2026

Mheshimiwa Balozi,

Salamu kutoka Mwaloni. Jina lako sitalitaja, wala nchi yako ya huko Ulaya. Wewe unajijua, na waliokuwepo siku ile wanakujua. Ulikuja sokoni kwetu mwezi wa tatu mwaka jana na magari meupe matatu. Ukamwamkia "shikamoo" kijana wa kubeba mizigo ambaye hata ndevu hana, watu wakaangua kicheko, nawe ukacheka nao. Tulikupenda kwa hilo. Kisha ukaketi juu ya gunia langu, lile lenye alama ya msalaba wa rangi nyekundu, ukatafuna dagaa mmoja mkavu bila kukunja uso, ukauliza mzigo unakwenda wapi.

Nikakujibu kwamba kabla ya vita ulikuwa unakwenda Goma, Kongo.

Hapo ndipo mkalimani wako alipoanza kutoka jasho. Nilikuuliza kama ni kweli Ulaya inalisaidia jeshi la Rwanda kwa fedha za vifaa kama buti, na kama ni kweli, nani anahakikisha mlichotoa kinabaki kule mlikosema kitabaki. Ulinishika mkono. Ulisema, "Mama, kila euro tunaifuatilia," ukaahidi kuniletea maelezo kwa maandishi. Msaidizi wako akaandika namba yangu kwenye kijitabu chenye jalada la bluu.

Mheshimiwa, imepita miezi kumi tangu siku ile. Nimepiga simu, nimetuma ujumbe, nimemwandikia msaidizi wako mara tatu. Mara moja nilijibiwa kwamba ujumbe wangu umepokelewa. Nashukuru kwa kupokelewa.

Ningeendelea kunyamaza, maana mchuuzi hana muda wa kugombana na mabalozi. Kilichonitoa kimya ni mzigo wa Desemba.

Nilianza biashara ya Goma mwaka 2014. Dagaa nanunua kutoka Ukerewe, Kome na Goziba, nafungasha hapa Mwaloni, lori linapita Geita, Nyakanazi, linavukia Rusumo. Ndiyo, Rusumo. Mzigo wangu ulikuwa unapita katikati ya Rwanda, na kwa miaka yote ile hakuna askari wa Rwanda aliyeniomba hata shilingi ya soda. Nasema haya ili usinione mwenye chuki na watu wale. Tarehe 27 Januari 2025 waasi wa M23, wanaodaiwa kuungwa mkono na Rwanda, wakaingia Goma. Mteja wangu mkubwa alikuwa na deni langu la magunia arobaini. Hela alikuwa nazo, ziko benki, na benki zikafungwa. Alinipigia usiku, na maneno yake nayakumbuka kwa Kiswahili chao: "Mama, makuta iko ndani, siye tuko inje." Mpaka leo makuta iko ndani.

Nikageukia wateja wa Bukavu. Kabla hata hatujapatana bei, katikati ya Februari, Bukavu nayo ikaenda. Basi nikajifunza njia ya Uvira, kupitia Kabanga na Bujumbura. Ni njia ya kuzunguka na ina ushuru wa kila jina, lakini ilinipa chakula. Nilikopa. Hati ya kiwanja cha marehemu mume wangu iko kwa mkopeshaji, naye simtaji. Mwezi wa sita likafunguliwa daraja letu la Kigongo–Busisi, kilometa tatu juu ya maji, zaidi ya shilingi bilioni 700, na dereva wangu alinipigia akiwa katikati yake akipiga kelele kama mtoto: anavuka ziwa bila kusubiri kivuko! Nikasema sasa mambo yamenyooka.

Tarehe 4 Desemba marais wa Kongo na Rwanda wakatia saini yao Washington. Tarehe 10 M23 wakaingia Uvira. Lori langu lilikuwa Gatumba, upande wa Burundi, magunia sitini, na mpaka ukafungwa. Siku tisa chini ya turubai lililotoboka, kwenye mvua za Desemba. Sijui kama uliwahi kuona dagaa aliyelowa. Kwanza anapoteza ule mng'ao, anakuwa wa manjano kama jino la mvuta tumbaku. Halafu ukipenyeza mkono katikati ya gunia unakuta joto, kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Ukishalikuta joto lile, ujue humlishi mtu tena. Magunia yangu yalirudi Mwanza yakanunuliwa na watu wa chakula cha kuku, kwa bei ambayo nikiiandika hapa nitalia mbele ya watoto.

Baadaye M23 walitangaza kwamba wanaondoka Uvira. Dagaa wangu hawakuwasubiri.

Najua utasema, Mama, pole sana, lakini hayo na sisi yanahusianaje? Ngoja basi. Binti yangu anasoma chuo hapa hapa Mwanza, na jioni ananisomea. Nitayasema kama nilivyoyaelewa.

Mna mfuko mlioanzisha mwaka 2021, mnauita Mfuko wa Amani wa Ulaya, na kazi yake kubwa ni kusaidia majeshi. Jina hilo nalo, lakini tuliache. Mfuko huo mmeuweka nje ya bajeti yenu ya kawaida kwa sababu mikataba yenu hairuhusu bajeti hiyo kulipia shughuli za kijeshi, na kwa kuuweka nje, Bunge lenu la Ulaya halina mamlaka ya kuukagua kama linavyokagua hela nyingine. Anayeamua ni Baraza la serikali zenu, kila moja ina kauli yake, ya kwako ikiwemo. Desemba 2022 mkaliidhinishia jeshi la Rwanda euro milioni 20 kwa ajili ya kikosi chake kilichoko Cabo Delgado, Msumbiji, kupambana na magaidi. Novemba 2024 mkaongeza milioni 20 nyingine. Si za risasi, nimeambiwa, na nimekubali: ni za vifaa vya askari na vya kikosi, na gharama za ndege za kuwasafirisha.

Sipingi askari wale kwenda Cabo Delgado. Oktoba 2020 wauaji walivuka Ruvuma kutoka kule wakaingia Kitaya, Mtwara, wakachinja Watanzania. Wanyarwanda walipofika Msumbiji Julai 2021 sisi huku tulipumua. (Wenye ndimi kali hapa Mwaloni wanasema mnalinda gesi ya kampuni ya Ufaransa. Mimi gesi yangu ni mtungi wa kilo sita, sijui.)

Ninalouliza ni kalenda. Julai 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba wanajeshi wa Rwanda 3,000 hadi 4,000 wako mashariki ya Kongo, bega kwa bega na M23. Rwanda inakana, inasema ni hatua za kujilinda dhidi ya FDLR, waasi wa Kinyarwanda walioko Kongo, na ni haki yake kujitetea. Lakini nyinyi mliisoma ripoti ile Julai. Novemba mkaidhinisha fedha. Januari Goma ikaanguka. Julai, Novemba, Januari: hesabu kwa vidole, havifiki hata mkono mmoja. Ubelgiji peke yake ilijizuia kupiga kura. Serikali yako, Mheshimiwa, ilinyoosha mkono upande gani? Hilo nalo hukunijibu.

Kuna jambo jingine ambalo binti yangu alilisoma mara mbili, maana nilidhani amekosea. Tarehe 17 Machi 2025, mwezi ule ule uliokalia gunia langu, Umoja wenu uliwawekea vikwazo makamanda wa jeshi la Rwanda kwa mambo ya Kongo. Mmoja wao ni Meja Jenerali Eugene Nkubito. Na huyo Nkubito ndiye aliyekuwa akiongoza kikosi cha Rwanda kule Cabo Delgado wakati mnaidhinisha zile milioni 20 za kwanza! Kwa hiyo kamanda anaweza kutoka Msumbiji akaenda Kongo. Hilo mmelikubali wenyewe kwa saini zenu. Buti, je? Mahema? Redio? Na shilingi ambayo Kigali haikuitumia Cabo Delgado kwa sababu nyinyi mmeilipia, ilikwenda wapi?

Sina ushahidi kwamba buti zenu zilikanyaga Goma. Nasema wazi. Inawezekana hata moja haikufika. Ninachojua ni kwamba mimi magunia yangu nayapiga alama, na nikiyaona sokoni Kahama au Bujumbura nayatambua kwa mbali, na nikikuta moja kwenye duka nisilolijua nauliza limefikaje. Wewe uliniambia kila euro mnaifuatilia. Mtu anayefuatilia ana daftari. Naomba kuliona daftari.

Wamarekani, ambao nao si malaika, wana sheria tangu 1997, wanaiita kwa jina la Seneta Patrick Leahy. Inasema kikosi cha nchi ya nje chenye taarifa za kuaminika za kuua watu ovyo, kutesa, kubaka au kupoteza watu hakipewi msaada, hadi serikali yake iwachukulie hatua wahusika. Wanaitekeleza wanapotaka, wakichoka wanafumba macho, tunajua. Lakini angalau wana kipimo, na kipimo ni kikosi, kwa jina lake. Mwaka 2012, mwaka ule M23 walioiteka Goma mara ya kwanza, Marekani, Uingereza, Ujerumani na Uholanzi walizuia misaada yao kwa Rwanda. Mwaka uliofuata M23 walishindwa, na vijana wetu wa JWTZ walikuwemo kwenye kikosi kilichowasukuma. Biashara yangu ya Goma ilizaliwa ndani ya utulivu ule. Safari hii vijana wetu walirudi Kongo pia: wawili walikufa kwenye mapigano ya Sake na Goma, Januari ile ile. Wao hawakuwa na mfuko wa Ulaya wa kuwalipia ndege, au kama walikuwa nao sikusikia ukitajwa siku ya msiba.

Hata Bunge lenu limesema. Februari 2025 wabunge 443 dhidi ya 4 walitaka msaada wa kijeshi kwa Rwanda usimamishwe. Watu 443, Mheshimiwa! Mimi ni mmoja, sishangai kujibiwa na msaidizi.

Nikukumbushe sasa la mwaka 1999, pengine ulikuwa bado shuleni. Mlisikia kwamba kuna wavuvi wa Ziwa Victoria wanaovua kwa sumu. Hamkusubiri kujua ni mvuvi yupi, wa mwalo gani, wa nchi gani. Mlifunga soko lenu kwa samaki wa ziwa zima, Tanzania, Kenya na Uganda, kwa miezi. Mume wangu alikuwa anakata minofu ya sangara kiwandani. Alirudishwa nyumbani na visu vyake vimefungwa kwenye gazeti. Tulizoea kununua mapanki, mifupa ya sangara, kwa ajili ya watoto, na mapanki yenyewe yakaadimika, maana kiwanda kisipokata minofu mifupa itoke wapi? Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Tulikula ugali na maji ya chumvi, na huo ukawa msamiati wa nyumbani kwetu: jambo likiwa baya sana tunasema "ni la tisini na tisa".

Tulijifunza. Leo boksi la minofu likitoka Mwanza kwenda kwenu lina namba, na wakaguzi wenu wakitaka wanaweza kumfuata sangara yule hadi mwaloni alikoshushwa. Wamekuja na kofia zao nyeupe, wamepima vidole vya akina mama, wamekagua hadi vyoo. Sikatai, ni haki yao kujua wanakula nini. Sangara mmoja mnaweza kumfuatilia kutoka Ukerewe hadi kwenye sahani. Jeshi zima, je?

Nilipoanza kuandika nilikuwa na madai mengi. Nilitaka fedha zile zirudishwe. Nilitaka mnilipe magunia yangu mia moja, arobaini ya Goma na sitini ya Gatumba. Nilitaka uje tena uombe radhi mbele ya wale waliokucheka. Binti yangu amenisomea nikaona aibu, tumefuta. Limebaki moja, lile lile la mwezi wa tatu: karatasi uliyoahidi. Iseme ni vikosi gani vilipewa vifaa, ni vifaa gani, leo vikosi hivyo viko wapi, na ni nani aliyekwenda kuangalia kwa macho yake, tarehe ngapi. Kama hakuna aliyekwenda, iandikwe hivyo hivyo, hakuna aliyekwenda. Iwe kwa Kiswahili, ibandikwe hata kwenye mlango wa ofisi ya soko.

Karatasi tu, Mheshimiwa. Mkopeshaji amenipa hadi mwisho wa Machi, na hataki kusikia habari za Uvira. Nimejaribu.

Napatikana Mwaloni kila siku kuanzia alfajiri, isipokuwa Jumapili kabla ya misa kwisha. Ukifika uliza meza ya msalaba mwekundu. Gunia ulilokalia nililiuza, nitakutafutia kiti.

Wako mtiifu,
Mchuuzi wa dagaa, Mwaloni Kirumba