Mama, kachukue fomu

Buguruni, Dar es Salaam

Mwanangu, mama yangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, isipokuwa mguu wangu wa kulia unanisumbua, ule wa breki. Nakuandikia kwa mkono kwenye daftari la hesabu za gari. Mdogo wako ataipiga picha akutumie. Uliponipigia Jumapili nilikuwa na abiria, na konda anagombana na mtu wa chenji, nikakujibu "sawa, mama" nikakata. Haikuwa sawa.

Ulisema wenzako wanataka ugombee urais wa serikali ya wanafunzi, wewe ukawaambia wamtafute mwanamume, utakuwa makamu wake, "maana kazi yenyewe nitaifanya mimi tu." Maneno hayo ya mwisho yamenikosesha usingizi. Ndiyo maisha ya bibi yako, uliyerithi jina lake.

Bibi yako alikuwa kijumbe wa upatu. Wanawake ishirini na kitu, kila wiki, na yeye kusoma hajui. Hesabu alizichora kwa mkaa nyuma ya mlango wa chumbani, mstari kwa kila mtu, na sisi watoto tulikuwa tunachapwa tukiuegemea. Mtu akichelewesha hela, bibi yako hakumpigia kelele. Alikwenda kwake asubuhi na mapema, akakaa mkekani, akanywa chai, akaulizia watoto mmoja mmoja kwa majina. Neno hela halikumtoka. Akiaga, hela inaletwa. Msiba ukitokea mtaani, wazee walimtuma mtoto kwake: sufuria, mikeka, mchango, nani apike, nani alale na mfiwa. Yakishakamilika, mwenyekiti wa kamati anasimama kushukuru "uongozi". Bibi yako yuko jikoni, macho mekundu kwa moshi.

Sasa sikiliza. Miaka zaidi ya ishirini napita Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na kwangu lilikuwa jina la foleni. Mwezi uliopita gari ikiwa gereji nikalikuta daftari lako la historia, nikaanza kusoma, na baadaye mwalimu mmoja mstaafu, abiria wangu wa siku nyingi, akanijazia yaliyobaki.

Titi alizaliwa hapa hapa Dar mwaka 1926, na alikuwa mwimbaji mkuu wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955, TANU, chama kilichodai uhuru wetu, ikiwa na mwaka mmoja tu, alikuja mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza: wanawake wenu wako wapi? Ndipo akatafutwa Titi. Naye alikwenda moja kwa moja kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, waliojua nani anakaa wapi, nani anaaminika, nani ana mume mkali. Kwa miezi michache tu wanawake kama 5,000 wakawa wamejiandikisha TANU. Watumishi wa serikali ya mkoloni walikatazwa siasa, wanaume wengi wakahofia vibarua vyao. Mpika maandazi hakuwa na bosi wa kumfukuza.

Sikufichi yaliyomfika baadaye. Alikuwa mbunge na naibu waziri, kisha mwaka 1969 akakamatwa, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa kwa msamaha mwaka 1972. Barabara ilikuja baadaye sana.

Nilipokwisha kumsoma yeye nikaanza kuwaona vijumbe kila mahali. Mekatilili wa Menza, kwa Wagiriama kule pwani ya Kenya, mwaka 1913 alizunguka vijijini na ngoma ya kifudu, ambayo ni ya maziko, akiwaambia watu wasiwape Waingereza vijana wao. Wakampeleka uhamishoni magharibi kabisa mwa nchi. Akatoroka, akarudi kwa miguu! Nigeria, mwaka 1929, wanawake wa Kiibo waliposikia watatozwa kodi walipelekeana makuti ya mchikichi kijiji kwa kijiji, na maelfu wakatoka. Liberia mwaka 2003 walivaa nyeupe, Waislamu na Wakristo pamoja, wakakaa karibu na soko la samaki Monrovia, jua na mvua, mpaka wakubwa wa vita wakakubali kuzungumza. Kiongozi wao, Leymah Gbowee, alipewa Nobeli ya Amani mwaka 2011. (Nikawafikiria wanawake wa soko letu la samaki, Feri. Wakikaa chini siku moja tu, mji mzima tutakula dagaa wa juzi.)

Utasema, baba leo amekuwa mtetezi. Hapana, mama. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2009 aligombea jirani yetu, yule mama lishe wa kona, unamkumbuka. Nilijua anafaa. Kura nikampa mwanamume, mwenzangu wa kijiweni, kwa hoja kwamba mwanamke hawezi kukimbizana na vibaka usiku. Kana kwamba huyo mwenzangu aliwahi kumkimbiza kibaka.

Desemba 2011 Msimbazi ukafurika. Ulikuwa mdogo, nimekubeba mabegani. Tulipofika shuleni tulipohifadhiwa, uji ulishakuwa jikoni. Yule mama ana daftari, anaandika kila kaya, watoto wangapi, mgonjwa nani, nani hajaonekana. Akaniuliza jina langu la tatu. Nikamtajia huku nikiangalia chini. Mwenyekiti niliyempigia kura nilimwona siku ya tatu.

Na kuhusu umakamu. Ijumaa ya 19 Machi 2021 tuko kwenye foleni, gari zima kimya, redio inatangaza Samia Suluhu Hassan anaapishwa Ikulu. Mzee wa kiti cha mbele akaguna: "Haya, tuone kama ataiweza." Mama mmoja nyuma, na ndoo yake ya samaki, akamjibu: "Kwani miaka mitano ya umakamu alikuwa anapika?" Gari likaangua kicheko, nami nikacheka. Leo ndiyo nimeona kwamba yule mzee ni mimi.

Ukishindwa, utashindwa, utarudi darasani. Sikuahidi kwamba watakupenda, wala simaanishi mwanamke akikamata uongozi hakosei; wapo waliovurunda, kama sisi. Nakataa tu wewe uchore mistari ya mkaa nyuma ya mlango na mwingine apande jukwaani kuisoma.

Mama yako anapokea mchezo mwisho wa mwezi huu. Amesema elfu hamsini ni ya mabango yako, na usimwambie kaka yako. Nitumie ujumbe: fomu zinafungwa lini?

Ni mimi baba yako.