Barua kwa Zuhura: Pikipiki ya Umeme na Pesa za Ploti

Donholm, Nairobi
Jumapili usiku

Kwako dada Zuhura,

Hujambo? Watoto hawajambo? Shemeji Omari je? Huku tuko salama. Mama amerudi Kangema na kikohozi kimempungua. Anasema hewa ya huku ndiyo iliyokuwa ikimmaliza, na safari hii sikubishana naye. Najua nimenyamaza tangu Idi. Njeri alinieleza ulivyonisema, akaongeza na chumvi yake kama kawaida, kwa hiyo tuhesabu kwamba nimeshagombezwa, tuendelee.

Nimeandika kwa sababu ya Kevo. Anataka kuuza Boxer yake, ile pikipiki ya petroli anayobebea abiria, achukue pikipiki ya umeme, na ifikapo Alhamisi natakiwa niwe nimesema ndiyo au la. Nikikupigia simu tutaishia kwenye habari za Mama Tito, salio liishe, na jambo lenyewe tusiliguse.

Usidhani amekurupuka. Unamjua mwenyewe, kuchagua rangi ya helmeti kulimchukua mwezi. Kila tarehe 14 jioni halali kabla ya kusikia EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, wametangaza bei gani. Ule mwaka wa 2023, petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita hapa Nairobi na Oktoba ikafika 217, alianza kuruka chakula cha mchana akidai hana njaa. Nauli nayo haikumfuata. Abiria wa Umoja umwongeze shilingi kumi tu, atataka kuitiwa mwenyekiti wa steji. Sasa wenzake walioingia kwenye umeme wanamwambia petroli wameisahau, oili hawabadilishi, plagi hawanunui. Betri ikiisha wanapita kituoni, wanachomoa, wanachomeka iliyojaa, wanaondoka.

Nimeipanda moja, ya yule kijana anayeegesha karibu na Kevo. Nilifurahi, sikufichi. Hakuna ule moshi unaobaki kwenye nywele mpaka jioni. Ila haina sauti, bwana! Nusura tumgonge mama wa mboga ambaye hakutusikia kabisa, akatutukana kwa lugha tatu. Hata yale mabasi ya umeme yaliyoanza kuonekana mjini mwaka 2022 yako hivyo hivyo, yanateleza kimya. Lakini kondakta ni yule yule, chenji anaikalia, na kelele iliyotoka kwenye injini imehamia kwenye redio.

Kwa hiyo uzuri wa chombo sibishanii. Wala stima yenyewe. Unakumbuka mwalimu wa jiografia alipotupeleka Hell's Gate, tukapitishwa Olkaria? Wewe ukamshutumu Baraka mbele ya darasa zima, kumbe ile harufu ya mayai viza ni ya mvuke unaotoka ardhini. Maskini hajakusamehe. Mtambo wa kwanza wa kuzalisha stima pale uliwashwa 1981, na leo kiasi cha asilimia 40 ya umeme wa nchi hii unatokana na mvuke, mwingi wake wa hapo hapo Olkaria. Ongeza maji ya mto Tana, ile mitambo 365 ya upepo ya kule Loiyangalani na jua la Garissa, unakuta karibu asilimia 90 ya stima yetu haikuchomewa mafuta. Nchi nyingi zenye pesa kutuzidi hazijafika hapo.

Ila lililonifungua macho ni habari ya usiku. Visima vya mvuke havijui mchana wala usiku. Watu wakitoka kazini, kuanzia saa moja jioni, kila nyumba imewasha taa na runinga, stima inagombaniwa. Ikifika saa sita mji umelala, mvuke bado unakuja, na mwingine unaachwa upotelee hewani. Ndiyo maana bei mpya za umeme zilizotoka 2023 ziliweka fungu la peke yake la kuchaji magari na pikipiki, na usiku ni nafuu zaidi. Yaani betri ikichajiwa saa nane za usiku inajazwa kwa kitu ambacho kingetupwa. Hilo lilinigusa kuliko hotuba zote nilizowahi kusikia, na kuliko ile siku ya Septemba 2023 Rais alipojiendesha kwa kigari cha manjano cha umeme kwenda kwenye mkutano wa tabianchi pale KICC. Kevo bado ana hiyo picha kwenye simu, sijui anaiombea.

Basi tatizo liko wapi? Liko kwenye karatasi.

Alinitumia mkataba nimchapishie pale saiba, kwenye kiduka changu cha kompyuta. Mashine inatema ukurasa mmoja mmoja, wateja hakuna, nami ninasoma kila unaotoka. Pikipiki itakuwa yake akimaliza malipo. Betri haitakuwa yake kamwe. Betri ni ya kampuni leo na milele, inabadilishwa kwenye vituo vyao tu, ya kampuni nyingine haiingii, na kuichaji nyumbani ni marufuku. Akichelewesha malipo, mtu aliyekaa ofisini anabonyeza kitu na pikipiki inazimika pale ilipo. Na kuna ukurasa mzima, kwa maandishi madogo ya Kiingereza, unaosema bei ya kubadilisha betri inaweza kurekebishwa. Na nani? Na wao.

Nilipomuuliza Kevo akasema hata pikipiki ya petroli ya mkopo inafungwa kifaa cha kuifuatilia, na ukikosa kulipa inakuja kubebwa. Ni kweli, na nimekubali. Lakini Zuhura, petroli ina jambo moja ambalo hatulihesabu kwa sababu tumelizoea. Ukiona kituo hiki kimekuudhi unavuka barabara kwenda kile kingine, na bei ya juu inatangazwa kila mwezi nchi nzima ikisikia, tukaitukana pamoja. Bei ya betri anaipanga mwenye betri, na anayeijua kabla ya wakati ni yeye. Ikipanda, Kevo atakwenda wapi na pikipiki isiyoingia betri nyingine? Boxer yake ikimaliza mkopo inakuwa yake yote, tangi na mafuta yaliyomo. Hii ataimaliza kulipa na bado atakuwa mpangaji kwenye pikipiki yake mwenyewe.

Halafu Kangema. Unakumbuka ule usiku Mama alipozidiwa? Matatu zilikuwa zimelala, Kevo akawasha Boxer akaenda moja kwa moja, akafika kabla ya kupambazuka. Kwa hii mpya hawezi. Vituo vya kubadilisha viko huku mjini. Akishavuka huko mbele betri inakwisha naye anabaki kuisukuma. Nimemwambia hilo mara nyingi kiasi kwamba sasa nikifungua mdomo ananitangulia: "Na Kangema je?" Anasema siku hiyo ataazima ya rafiki. Labda. Usiku wa manane, mvua inanyesha, rafiki gani?

Na stima ikipotea? Wewe unajua saiba yangu inaishi kwa rehema ya stima. Tarehe 25 Agosti 2023 ilipozimika karibu nchi nzima, mpaka uwanja wa ndege wa JKIA ukabaki giza, mimi nilipoteza wateja tu. Kituo cha betri kikikaa giza usiku kucha, asubuhi steji nzima inapanga foleni ya betri zisizo na kitu. Kevo anasema vituo vingine vina akiba. Kila swali langu huyu mtoto ana jibu lake, nadhani wale wauzaji wamempa semina.

Sasa nifike pale ninapozunguka tangu mwanzo. Kampuni inataka malipo ya kwanza. Boxer akiiuza atapata bei ya kutupa, kwa kuwa kila mtu anajua anauza kwa haraka, na pengo linabaki. Ananitazama mimi. Mimi ninatazama ile akiba yetu ya ploti ya Malaa. Sijaigusa, na sitaigusa bila neno lako, nusu yake ni jasho lako. Ninachoomba ni fungu dogo, ambalo Kevo atarudisha kila wiki kwangu, na likikwama nitalilipa mimi kutoka saiba. Ukisema hapana nitakuelewa, na wala sitamwambia kwamba ni wewe uliyekataa. Nitasema yule dalali wa Malaa amepandisha bei, jambo ambalo bila shaka ameshalifanya.

Lakini hata kabla ya pesa nataka akili yako, na ya Shemeji hasa. Yeye ni fundi, anashika hivi vyombo kwa mikono. Nilijiuliza pia yeye analionaje hili jambo, maana pikipiki isiyo na plagi wala kabureta itamletea nini gereji? Nimesikia kampuni nyingine zinataka ipelekwe kwa mafundi wao tu, ukiifungua mwenyewe wanakukatalia kila dai. Kama ni hivyo, vijana anaowafundisha pale Changamwe watakula nini? Hao wanaotutangazia mustakabali wa kijani sijawasikia wakimtaja fundi wa kando ya barabara.

Jambo jingine nawe ndiwe mwenye kulijua, mkaaji wa Mikindani. Betri zikichoka zinakwenda wapi? Nilipomuuliza Kevo hilo akili yangu ilikwenda moja kwa moja Owino Uhuru, mtaa wa huko kwenu Mombasa uliokuwa na kile kiwanda. Pale nako kazi ilikuwa inasifiwa: betri kuukuu za magari zinayeyushwa, risasi, ile metali ya lead, inatumika tena, hakuna kinachotupwa. Kumbe watu wanavuta sumu, watoto wanaugua, hadi Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe alikutwa na sumu ya risasi mwilini, alipoacha kazi pale akaanza kupiga kelele. Kiwanda kilifungwa 2014. Mahakama ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, kesi ikapandishwa huku na huku, na mpaka Mahakama ya Juu inairudisha hukumu ile ilikuwa Desemba 2024. Kevo anasema hizi za pikipiki ni za lithiamu, hazina risasi, na zikichoka zinaweza kuwekwa nyumbani kuhifadhi umeme wa jua. Sawa, nimesikia. Ila mkataba mzima, kurasa zote zile, hakuna mstari unaosema zikifa zinazikwa wapi. Afadhali hapo angalau betri ni yao, mzigo ni wao. Ukilitazama hivyo, labda ni heri isiwe ya Kevo. Unaona ninavyojipinga mwenyewe? Nimekaa hivi wiki nzima.

Nikikasirika huwa naona tumeanzia mahali pasipofaa. Wengi wetu mjini humu tunakwenda kazini kwa miguu, na njia ya miguu yenyewe imekaliwa na magari. Ile Expressway ya kilomita 27 ilikata miti ya watu kuanzia Mlolongo hadi Westlands, na Kevo na pikipiki yake haruhusiwi hata kuikanyaga. Thika Road tulichorewa mstari mwekundu wa mabasi ya haraka, mstari umefifia na mabasi hatujayaona. Halafu mzigo wa kusafisha hewa ya Nairobi anatwikwa kijana wa boda boda mwenye mkopo. Lakini basi, kijana mwenyewe anautaka, na hesabu yake ya kila siku inaonekana ni kweli itamwachia kitu mfukoni. Nani mimi nimwambie asubiri serikali?

Nadhani nitasema ndiyo. Nadhani. Nitamwambia kwanza awabane waandike kwamba bei ya betri haipandi bila notisi, na kwamba pikipiki haizimwi akiwa barabarani na abiria. Wakikataa kuandika, hapo nitakuwa nimepata jibu langu. Yeye anasema hawatakubali kubadilisha mkataba kwa sababu ya mtu mmoja. Nikamwambia aende na steji nzima, wako wengi wanaotaka. Alinyamaza, kwa hiyo nadhani wazo limeingia.

Sasa niambie. Huko Mombasa zimeshakuwa nyingi? Joto lenu linazifanyaje betri, zinaisha mapema kuliko wanavyoahidi? Shemeji ameshafungua hata moja, au ndiyo hayo ya kukatazwa? Kuna yeyote mnayemjua ambaye imemzimikia njiani kwa sababu ya malipo, na alifanyaje? Bei ya kubadilisha ilivyoanza ndivyo ilivyo, au imepanda? Na pesa za ploti unasemaje, ukweli wako, usinionee haya? Salma alipata ile shule? Unakuja Desemba au utanidanganya tena?

Nijibu kabla ya Alhamisi, hata kwa sauti ya WhatsApp, ila usiniletee zile za dakika tisa.

Wako,
Wambui

N.B. Shemeji akitaka kuongea na Kevo mwenyewe, ampigie baada ya saa nne usiku. Kabla ya hapo yuko barabarani, na unamjua, atapokea simu huku anaendesha.